Neno Moja la Sadalla

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza saa tatu asubuhi na sasa ni saa kumi, bado haijaamua kuacha. Mtaa wetu wa Likoma, hapa Kariakoo, umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na wauza nguo wamepandisha mabelo yao ya mitumba juu ya meza.

Shajara hii naianza kwa sababu ya Rogath. Rogath ni mstaafu wa benki, anakaa Magomeni, na kwa miaka kumi na tano mimi na yeye tumekuwa tukikusanya barua za wanajeshi wa karne ya kumi na tisa, za wakati Mjerumani anaingia. Yeye anatafuta saini za maofisa. Akipata saini ya luteni yeyote aliyekufa kwa homa, wiki nzima hashikiki. Mimi natafuta barua za askari, weusi wenzetu waliovaa sare ya Mjerumani na kuwaandikia ndugu zao Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Rogath hasomi herufi hizo. Mimi nilizisoma chuo cha Kurani, kwa fimbo. Sasa amepata ukumbi mdogo jirani na Mnazi Mmoja ili tuonyeshe vitu vyetu mwisho wa Mei, na mimi nimepewa kazi ya kuandika kadi za maelezo.

"Wewe ulikuwa karani wa masijala, Moza," ameniambia. "Andika kwa kifupi. Watu wa mjini hawana subira."

Nitaanza na barua ya Sadalla bin Heri, babu wa baba yangu. Hiyo sikuinunua. Ilikuwa kwenye kasha la baba, na kasha limekuwa langu tangu alipofariki.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Ukuta wa chumbani unatoka jasho. Makasha nimeyahamishia juu ya kabati.

Jumatano, 9 Aprili

Kadi ya Sadalla nimeiandika mara nne na kuichana mara nne. Barua ni ya mwezi wa Shawwal 1312, yaani Aprili ya mwaka 1895. Anamwandikia ndugu yake Hafidhi, aliyekuwa Kilwa. Sehemu ambayo nyumba yetu nzima inaijua kwa moyo ni hii:

"Wa baada ya salamu, nakuarifu ndugu yangu kuwa tumerudi pwani salama kutoka Uhehe. Yule kijana mwanamke niliyemtwaa Kalenga, tuliyemwita Swaumu kwa kuwa aliingia nyumbani mwezi wa kufunga, nimemuoza kwa Bwana Dibwani wa hapa mjini kwa reale arobaini."

Baba alikuwa akinisomea haya nikiwa mdogo. Mzee wetu alimwokota yatima vitani, akamlea, akampatia mume wa heshima. Nililala na hadithi hiyo miaka mingi, na nilimpenda Sadalla kuliko babu zangu niliowaona kwa macho.

Leo nimeisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tulivyofundishwa, ili kadi isikosee. Nilipofika hapo ulimi wangu ukasema "nimemuuza."

Nieleze jambo hili, maana siku moja mtu atalifungua daftari hili. Herufi za Kiarabu hazina o. Alama inayobeba u, yaani wau, ndiyo tunayoiazima ibebe na o, na msomaji anajijua mwenyewe. Kwa hiyo kuuza mtoto na kuoza mtoto, kwa mkono wa watu wa zamani, huwa ni mwandiko mmoja, nukta kwa nukta. Sikuwahi kulifikiria hilo kwenye barua ya Sadalla kwa sababu nilifundishwa jibu kabla sijafundishwa herufi.

Nimecheka peke yangu. Kisha nikaisoma tena, na ulimi ukasema vilevile.

Alhamisi, 10 Aprili

Mchana, mvua ikiwa imekolea, nilisikia mtu anakuna nazi. Krr, krr, anapumzika, krr. Sauti ilitoka chini yangu, kwa jirani yangu Bi Shadya. Sikuipa uzito.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesikia tena kunakuna. Nilikutana na Salma kwenye ngazi, mjukuu wa Bi Shadya anayemuuguza.

"Shikamoo, anti Moza."

"Marahaba. Mna shughuli? Nasikia mnakuna nazi kila siku."

"Nazi?" Akanitazama. "Sisi tunatumia tui la pakiti, anti. Hata mbuzi hatuna, bibi alishaigawa kwa mtu wa chuma chakavu."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshuka kumwona Bi Shadya. Ana miaka themanini na tatu na miguu imevimba mpaka magotini. Daktari amesema ni moyo, umechoka. Kitanda chake wamekiweka sebuleni karibu na dirisha ili aone watu wa mtaani.

Bi Shadya ni mjukuu wa Swaumu, yule kijana wa kwenye barua. Baba alikuwa akisema Bwana Dibwani alipokufa Swaumu alirudi kukaa karibu na sisi, na tangu hapo nyumba zetu mbili zimeishi ubavu kwa ubavu, kwanza Gerezani, halafu hapa. Nyumba ya udongo ilipovunjwa na ghorofa likapanda, wao walipewa vyumba vya chini na sisi vya juu.

Tukapeana sabalkheri. Akaniuliza habari za mvua, kisha bila kubadilisha sauti akasema, "Bi Moza, nasikia barua ya babu yako unaitoa nje watu waione."

"Ndiyo. Mwisho wa mwezi ujao."

"Na bibi yangu yumo."

"Yumo."

"Mle ndani anasema alimuoza au alimuuza?"

Katika miaka yangu yote hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kutuuliza hivyo. Salma alikuwa anamwaga maji ya ndoo kwenye varanda na mkono wake ukasimama.

"Alimuoza, Bi Shadya," nikasema. "Imeandikwa."

"Kama imeandikwa, sawa."

Akageukia dirishani. Nimepanda ngazi naona aibu. Nilisema "imeandikwa" kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia masijala kuwafukuza wazee waliokuja kuulizia mafaili yao ya pensheni.

Jumamosi, 19 Aprili

Sikuandika kadi. Nimekunywa chai vikombe sita.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefungua albamu kutafuta picha ya baba, nikaishia kwenye picha za harusi yangu ya mwaka themanini na tisa. Nimezihesabu: arobaini na moja. Mkekani wamo shangazi zangu, majirani, mpaka mwanamke mmoja wa Tandika ambaye hakuna aliyewahi kujua alialikwa na nani. Bi Shadya hayumo. Nimetafuta kwa miwani. Kwenye picha moja, nyuma, mlango wa jikoni uko wazi na unaonekana mkono umeshika upawa. Ile bangili naijua, anaivaa hata leo.

Kila harusi yetu, kila hitma, kila maulidi, watu wa nyumba ya Bi Shadya walikuja siku mbili kabla na kuondoka siku moja baada. Walikuna, walikaanga, walisugua masufuria. Baba aliwaita "watu wetu." Nilidhani ni mapenzi. Nilidhani maana yake ni jamaa zetu. Leo nimelitamka tena neno hilo kwa sauti chumbani na nikalisikia lilivyo. Ng'ombe pia baba aliwaita wetu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, maduka mengi yamefungwa, mtaa umetulia kwa namna isiyo ya Kariakoo. Mvua haikunyesha mpaka adhuhuri.

Nimejaribu jambo la kipuuzi. Nimeandika lile neno kwenye karatasi mpya, kwa mwandiko wangu, nikiwa nimekusudia kabisa "nimemuoza." Nikaliacha, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi na kulisoma kwa sauti. "Nimemuuza." Mara saba. Safari ya saba nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, kama mwalimu wa chuo anavyosimama nyuma na fimbo, humwoni, unamsikia anavyopumua akisubiri ukosee. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa akinisubiri nipatie.

Sikugeuka. Mimi si mwoga wa mashetani, ila sikugeuka. Chini kunakuna kukaanza, krr, krr, mchana kweupe, na Salma nilikuwa nimemwona dakika kumi kabla akielekea Msimbazi na mwavuli.

Jumatano, 30 Aprili

Rogath amepiga simu saa mbili asubuhi, ana hasira na mvua. Ile karatasi yake anayojivunia, ya mwaka 1897, hati ya posho ya mchele yenye saini ya luteni, ilikuwa imegandishwa kwenye ubao tangu ilipotoka kwa mchuuzi. Amekaa nayo ukutani miaka kumi na moja. Unyevu umelegeza gundi na karatasi imejifungua yenyewe.

"Nyuma kuna michoro ya nzi," akasema. "Kiarabu chenu."

"Nipigie picha."

Picha imefika kwenye simu, imefifia, imepinda, kidole cha Rogath kimefunika robo. Lakini naijua ile herufi ya kafu yenye mkia mrefu unaopita chini ya mstari. Ni mwandiko wa Sadalla. Nimeusoma tangu nina miaka minane.

Nimemwambia aje na karatasi yenyewe. Akasema ataileta nikimpa saini yangu ya kapteni, ile aliyonisumbua nayo tangu tufahamiane. Nikamwambia achukue. Akaniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Rogath hakuja.

Jumatatu, 5 Mei

Jangwani maji yamekata barabara. Mwendokasi haupiti, Rogath yuko ng'ambo na karatasi yake, mimi niko huku. Salma anasema bibi yake anaulizia kama nimemaliza kadi. Nimesema bado. Nimeanza kupita ngazi za nyuma ili nisipite mbele ya mlango wao. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa anajificha na kapu la nyanya.

Alhamisi, 8 Mei

Maji yamepungua. Rogath amefika amelowa mpaka kiunoni, karatasi ameifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni na kuiweka kifuani ndani ya koti. Kwa hilo namsamehe mengi. Nimempa kapteni wake. Akaishika saini ile kwa mikono miwili, akasema, "Moza, una hakika?"

"Nenda kabla sijabadili mawazo."

Ijumaa, 9 Mei

Nimesoma. Nanakili hapa neno kwa neno, na penye lile neno naacha kama yeye alivyoliandika, bila kulichagulia irabu.

"Ndugu yangu Hafidhi. Nakuarifu kuwa nimekwenda kwa bwana wake Swaumu kutaka kumkomboa. Nimempelekea reale arobaini zile zile na kumi juu yake. Amekataa, asema kijana amekwisha kuzoea jiko. Nalimwona. Alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua uso. Tangu siku ile nikikaa nasikia kukuna, nikisimama nasikia kukuna. Jina lake la kwao alinambia njiani, nami nalicheka. Jina ni hili naliandika lisipotee."

Hapo kuna jina, nitalirudia. Kisha mstari wa mwisho:

"Na watoto watakapouliza, waambie nimem-w-za, usiwaambie nimem-w-za."

Neno lile lile mara mbili. Herufi zile zile, alama zile zile, wau ile ile. Asiyejua atadhani mzee alikuwa amelewa: waambie hivi, usiwaambie hivi hivi. Mstari huo una maana kwa njia moja tu: neno moja ni kuoza na jingine ni kuuza. Sadalla aliandika uongo na ukweli kwa mwandiko mmoja, akamwachia ndugu yake achague, na ndugu yake akachagua, na baba akachagua, nami nikachagua mwezi uliopita mbele ya mgonjwa.

Hata kama neno la barua ya kwanza lingekuwa na shaka, humu kuna kukomboa. Mke hakombolewi.

Nimelia. Nilidhani namlilia yule mtoto, na baadaye nikajua namlilia Sadalla, na hilo limeniudhi zaidi. Nani aliitoa karatasi hii nyumbani kwetu mpaka ikafika kwa mchuuzi, sijui. Ila najua ilimfikia Hafidhi, kwa sababu agizo lake tumelitii zaidi ya miaka mia na ishirini.

Kunakuna kumeendelea mchana wote. Nimekaa tu, nikausikiliza mlio huo. Sadalla aliusikia kabla yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Jina limeandikwa sin, kafu, dali, lam, yaani s, k, d, l, na irabu mbili zinazosomeka. Lingeweza kuwa Sikiduli, Sekidole, chochote. Watu wa zamani hawakuandika hata n iliyokaa mbele ya d.

Nimekwenda kwa Hyasinta, anauza mchele Mtaa wa Tandamti, kwao ni Iringa, iliko Kalenga. Nimemtamkia kila namna. Alikuwa anapima kilo za mteja, hakuonyesha kunijali, kisha akasimama na kopo mkononi.

"Sekindole," akasema. "Hiyo yetu. Kina mama wengi kwetu majina yao yanaanzia Se. Kuna ukoo wa Kindole mpaka leo. Ni nani huyo?"

"Mtoto aliyeletwa pwani zamani."

"Aliletwa na nani?"

Nikasema askari. Sikusema askari gani. Hyasinta akanipimia mchele wangu na kuzidisha kopo moja, na nimeubeba mpaka nyumbani kama mzigo wa wizi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeshuka mpaka mlangoni mwa Bi Shadya mara mbili na kurudi juu mara mbili. Ugonjwa wa moyo umemzidi, Salma anasema usiku wanamwinua na mito minne. Nikingoja wiki moja huenda nisipate wa kumwambia, na nimejikuta nalifikiria hilo kama nafuu. Nimeliandika ili nilione.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda saa tano asubuhi. Mvua nyepesi. Salma akataka kutoka, bibi yake akamwambia akae.

Nikasema, "Bi Shadya, nilikudanganya."

"Kaa kwanza," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamweleza habari ya karatasi ya Rogath, nikamsomea yote kama ilivyo. Nilipofika kwenye jiko na nazi alifumba macho. Nilipofika mstari wa mwisho nikausoma unavyotakiwa: waambie nimemuoza, usiwaambie nimemuuza. Sauti yangu ilishikilia mpaka mwisho, sijui kwa nini.

"Sasa sema wewe," akasema. "Hayo ameyasema yeye, na alishakufa."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nikasema. "Babu yangu Sadalla alimuuza bibi yako." Salma alikuwa ameegemea ukuta, akaketi chini sakafuni.

Bi Shadya akashusha pumzi. Hakuonekana kushtuka hata kidogo, na ndipo nilipoelewa.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilimjua bibi mpaka nina miaka kumi na tatu. Alikuwa na mdomo. Aliniambia siku aliyouzwa alikuwa amevaa nini." Akatabasamu kidogo. "Mimi sikuhitaji barua, Bi Moza. Nilitaka litoke nyumbani kwenu. Mama yangu alingoja akafa. Mimi nimesema nitangoja kidogo."

Nikamwambia lile jina. Hilo hakulijua. Alinifanya nilirudie mara tatu, Sekindole, akalisema mwenyewe taratibu, akamwita Salma aliseme naye. Bibi yake, akasema, kila alipoulizwa jina la kwao alijibu amelisahau. Walidhani kweli amelisahau.

Nilidhani yamekwisha, nikataka kuinuka. Ndipo akaniuliza, "Mama yangu unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Bi Mwanaheri. Alikuwa mcheshi."

"Mcheshi kwa nini?"

"Alikuwa akinitania. Nilipokuwa mdogo, miaka mitano, sita, nikipita mlangoni kwake alikuwa akiniamkia yeye. Shikamoo, bibi mdogo. Na mimi namwitikia, watu wanacheka."

"Watu gani walicheka?"

Nikafikiri. Nilikiona kile kibaraza, naona meno ya baba, ya shangazi zangu, ya babu. Wao wenyewe, Bi Mwanaheri na binti yake aliyesimama nyuma yake na beseni, siwaoni wakicheka.

"Mama hakukutania," akasema Bi Shadya. "Ndivyo alivyolelewa kuamkia nyumba yenu, mkubwa na mdogo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Ilipofika zamu yangu mimi nikakataa, ndiyo maana tukawa watu wa sabalkheri. Lakini tangu uko mdogo mpaka leo una mvi, shikamoo yako mimi sijawahi kuisikia. Umri wangu ni wa mama yako."

Nilitaka kusema sikujua. Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Mtoto wa miaka mitano hajui kuitikia marahaba mpaka afundishwe. Nani alikufundisha?"

"Baba," nikasema.

"Haya," akasema. "Salma, mpe maji."

Jumatano, 14 Mei

Leo sikusikia kukuna. Nilisikiliza mchana wote.

Nimeshuka asubuhi, nikasimama miguuni pa kitanda, nikasema, "Shikamoo, Bi Shadya."

Akanitazama. Akaniambia nikae, chai ipo, mvua imeharibu unga wa duka la pembeni. Hakuitikia.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwamkia. Hakuitikia. Amenisimulia habari za bibi yake kwa saa nzima na tumecheka mpaka Salma akatuonya kuhusu moyo.

Jumatatu, 19 Mei

Vilevile. Hana kinyongo, au kama anacho, hakionekani. Ananishika mkono, ananiuliza kama nimekula, leo amenipa khanga yake mpya. Salamu tu haigusi. Naitoa, inabaki hapo katikati ya chumba, halafu anaanza mazungumzo mengine.

Jumatano, 21 Mei

Usiku nalala vizuri. Asubuhi nikiinuka jambo la kwanza ninalofikiria ni ngazi.

Jumamosi, 24 Mei

Kadi imekwisha. Nimeandika: "Barua mbili za askari Sadalla bin Heri, 1895 na 1897. Anaeleza jinsi alivyomuuza Sekindole, mtoto wa kike aliyetekwa Kalenga, na alivyotaka lifichwe. Zimesomwa na Moza, kitukuu wa muuzaji."

Rogath ameisoma kwenye simu. "Huwezi kulainisha kidogo? Huyo ni mzee wako."

"Ni mzee wangu," nikamwambia. "Ndiyo maana."

Nimeishusha kadi kwa Bi Shadya kabla ya kuipeleka. Salma akamsomea. Akasema jina liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Kabla ya hapo nilimwamkia, hakuitikia.

Jumanne, 27 Mei

Salma amenigongea saa nne asubuhi. Sikumuuliza kitu, nimeshuka na kandambili za kuogea.

Alikuwa ameshafumbwa macho. Wanawake wa mtaani walikuwa hawajafika, tulikuwa watatu tu. Nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Nikasema, "Shikamoo, Bi Shadya," kwa sauti, kama siku nyingine zote.

Salma alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Nilimwona anafungua mdomo aitikie kwa niaba ya bibi yake. Nikamkataza. Bibi yake alishachagua.